Njia fupi na njia salama: jinsi wakimbiaji wa orientiringi wanavyochagua pa kupita usiku

Kila mwaka, Aprili inapoelekea ukingoni au Mei ikianza, maelfu ya wakimbiaji hukusanyika pembezoni mwa msitu mmoja nchini Sweden wakingoja giza liingie. Mbio zao zinaitwa Tiomila. Zilianza mwaka 1945, na timu ya wanaume ina watu kumi wanaopokezana usiku kucha hadi asubuhi. Wafini nao wana Jukola, iliyoanza mwaka 1949, yenye wakimbiaji saba kwa timu, na huanza saa tano usiku, Jumamosi moja ya mwezi Juni. Humo msituni hakuna kamba wala mishale ya kuonyesha njia kutoka kituo kimoja, yaani bendera iliyowekwa msituni, hadi kingine. Mkimbiaji anapewa ramani wakati mbio zinaanza, si kabla. Ana dira mkononi na taa kichwani, na vituo lazima avifikie kwa mpangilio uliochorwa. Apite wapi kati ya kituo na kituo, ni juu yake.

Huo ndio mchezo wa orientiringi, na usiku ndio unapoonyesha sura yake halisi. Mchana mkimbiaji hodari anaweza kukosea, akainua macho, akaona kilima anachokijua, akajirekebisha. Usiku kilima hakionekani. Kosa lililogharimu nusu dakika mchana linaweza kumla robo saa nzima, au likamfikisha kwenye ukingo wa mwamba. Ndiyo maana watu wa mchezo huu huzungumza sana juu ya njia salama, na ndiyo maana wanaoanza hulielewa jambo hilo vibaya. Wengi hudhani njia salama ni ile pana, yaani barabara au njia ya miguu iliyokanyagwa. Mara nyingi ndivyo ilivyo, lakini si kwa sababu ya upana wake. Njia salama ni ile ambayo ukikosea utajua mapema kwamba umekosea, na pale utakapogundua hapana hatari.

Kwanza, ramani yenyewe. Shirikisho la Kimataifa la Orientiringi, lililoundwa mwaka 1961, lina viwango vyake vya uchoraji. Mbio za msituni kwa kawaida hutumia skeli ya 1:15,000 au 1:10,000, na kontua, yaani mistari ya kuonyesha mwinuko, hupishana kwa mita 5 za kimo; hata kichuguu kikubwa au shimo la mita chache huonekana kwenye karatasi. Rangi nyeupe ni msitu unaokimbilika, jambo linalowachanganya waliozoea ramani za shuleni ambako msitu hupakwa kijani. Hapa kijani ni kichaka, na kadiri kinavyokolea ndivyo mwili unavyokwama. Njano ni uwazi, buluu ni maji, kahawia ni umbo la ardhi, nyeusi ni miamba na vitu vilivyojengwa na watu. Zambarau ndiyo mbio yenyewe: pembetatu ya kuanzia, duara kwa kila kituo, na duara mbili za kumalizia.

Giza linachoondoa

Taa za kichwani za siku hizi zina nguvu kubwa, na wengi huamini ukinunua taa kali umemaliza tatizo. Hapana. Mwanga hupungua kwa kasi: ukitaka kuona sawasawa kitu kilicho mbali mara mbili, unahitaji mwanga mara nne. Na msituni mwanga haufiki mbali hata hivyo, kwa sababu mashina ya karibu yanaumeza. Anachokiona mkimbiaji ni duara la miti iliyong'aa, na nyuma yake ukuta mweusi.

Kuna jambo la pili ambalo watu hawalifikirii. Taa ikiwa juu ya paji la uso, mwanga unatoka karibu kabisa na macho, na kila kivuli kinaanguka nyuma ya kitu, upande usiouona. Mchana tunatambua kwamba hapa pana shimo na pale pana kituta kwa sababu ya vivuli. Vikiondoka, ardhi yote huonekana bapa. Mteremko mdogo ambao ramani inauonyesha wazi kwa kontua mbili, miguu inaweza kuutambua kabla ya macho. Baadhi ya wakimbiaji wa milimani hufunga taa ya pili kiunoni kwa sababu hiyohiyo: mwanga ukitoka chini ya macho, vivuli hurudi. Ukungu ukishuka mambo huwa mabaya zaidi, kwa kuwa matone yanarudisha mwanga usoni, na hapo dawa ni kupunguza nguvu ya taa badala ya kuiongeza.

Hata kusoma ramani hubadilika. Karatasi nyeupe iliyomulikwa na taa kali huumiza macho, na ukiinua kichwa msitu unabaki mweusi kwa muda. Wazoefu huishika ramani nje kidogo ya kitovu cha mwanga. Taa nyekundu, ambayo wapiga kambi huisifu kwa kutunza uwezo wa kuona gizani, haifai kabisa hapa: chini ya mwanga mwekundu mistari ya kahawia hupotea, na kontua ndizo uti wa mgongo wa ramani hii.

Halafu kuna suala la kunyoosha mwendo. Mwaka 2009 Jan Souman na wenzake wa Taasisi ya Max Planck mjini Tübingen, Ujerumani, walichapisha utafiti wa watu waliotakiwa kutembea moja kwa moja msituni na jangwani. Jua au mwezi ulipoonekana, walinyoosha. Mawingu yalipofunika, walizunguka na kukatiza nyayo zao wenyewe bila kujua. Mmoja aliyetembea usiku katika Sahara, nchini Tunisia, alikwenda sawa mpaka mwezi ulipofichika, kisha akapinda na kupinda hadi akawa anarudi alikotoka. Kwa hiyo anayesema “mimi nina hisia nzuri ya mwelekeo” anasema kuhusu mchana. Usiku ni dira, na dira itazamwe tena na tena, si mara moja wakati wa kuondoka kituoni.

(Neno moja kwa walioko Ulaya Kaskazini wanaotaka kurudi na dira zao nyumbani: sindano ya dira hutengenezwa ikiwa na usawa wa eneo fulani la dunia. Sweden mvuto wa sumaku unaiinamisha sana upande wa kaskazini. Kenya na Tanzania hali ni tofauti kabisa. Dira ya Stockholm inaweza kukwaruza ndani ya kioo chake ikifika Arusha. Uliza dira ya eneo lako au ile iliyotengenezwa kwa dunia nzima.)

Anza na kituo, urudi nyuma

Mkimbiaji mgeni akiangalia ramani hujiuliza, “Natokaje hapa?” Swali hilo ni la asili, na usiku ni swali baya. Linamvuta kwenye njia ya kwanza iliyo wazi mbele yake, kisha anajikuta mita mia tatu kutoka kituoni bila kitu chochote cha kumsaidia kufika. Wazoefu huanza mwisho: kituo kiko kwenye nini? Jiwe, shimo, ncha ya kinamasi? Kuna nini karibu nacho ambacho siwezi kukikosa hata gizani? Nitafikaje hapo? Ndipo wanapofika kwenye miguu yao.

Kitu hicho cha karibu kisichokosekana nitakiita alama ya mwisho. Inaweza kuwa makutano ya njia, mahali vijito viwili vinapokutana, kona ya shamba, au kilele cha kilima chenye umbo la peke yake. Mchana alama ya mwisho ikiwa mita 250 kutoka kituoni, inatosha. Usiku inapaswa kuwa karibu zaidi, na sababu ni hesabu tu. Ukipotoka nyuzi 5 kwenye dira, jambo la kawaida kwa mtu anayekwepa miti akikimbia, baada ya mita 600 utakuwa umetoka kando kwa zaidi ya mita 50. Baada ya mita 120 utakuwa umetoka kando kwa mita 10 hivi. Mita 10 taa inazimudu. Mita 50 katika msitu mnene haizimudu.

Vitu vingine viwili hutafutwa. Kimoja ni mstari wa kuandama: kijito, ukuta wa mawe, laini ya umeme, ukingo wa shamba, chochote kirefu kinachokwenda unakokwenda. Kingine ni alama ya kukinga, yaani kitu kilicho nyuma ya kituo ambacho ukikigonga unajua umepitiliza. Bila alama ya kukinga, mtu aliyepitiliza kituo huendelea kukimbia akijiambia “bado kidogo”, na huko ndiko usiku unakoharibika.

Tuchukue mfano wa kubuni. Kituo cha 7 kiko mita 700 kaskazini mwa kituo cha 6, kwenye jiwe kubwa kati ya mawe mengi. Ukienda moja kwa moja utapanda vilima viwili vya mita 20 kila kimoja, na kati yake kuna kinamasi. Mashariki kuna njia ya miguu ya mita 1,100, tambarare, inayopita mita 250 kutoka kituoni, pasipo makutano. Kuna kona tu, mojawapo ya kona nyingi. Magharibi kuna kijito: mita 150 kukifikia, mita 600 kukiandama, hadi kijito kingine kinapoingia, na kutoka hapo kituo kiko mita 120. Ukipitiliza kituo kwa mita 60, ardhi inaanza kushuka ghafla. Kingo za kijito zina vichaka na matope.

Waandaaji wa mbio hizi wana kanuni ya kukadiria ugumu: kila mita 10 za kupanda zihesabiwe sawa na mita 100 za tambarare. Kwa hesabu hiyo njia iliyonyooka inakuwa na uzito wa mita 1,100, na njia ya miguu, pamoja na kipande cha mwisho, mita 1,350. Mchana, bingwa atapita katikati. Usiku watu wengi wangekimbilia njia ya miguu, na hapa ndipo ninapotofautiana nao. Njia hiyo ni rahisi kwa mita 1,100 na ngumu kwa mita 250, na hizo 250 ndizo zinazoamua. Ukiiacha kwenye kona isiyo sahihi, umekosea kwa mita mia kabla hata hujaanza kutumia dira, na mbele yako kuna mawe yanayofanana. Kijito kinachafua viatu na kinapunguza mwendo, lakini ukikiandama hakuna hata hatua moja ambayo hujui uko wapi. Vijito viwili kukutana ni jambo la pekee, na unalisikia hata kabla ya kuliona. Kisha mita 120 za dira, kwa mwendo wa kutembea kama ni lazima. Na ukikosa, mteremko unakukinga.

Mfano ungebadilika kama ile njia ya miguu ingekuwa na makutano, au daraja, mita 100 kutoka kituoni. Hapo ningeichukua bila kufikiri mara mbili. Kinachohesabiwa ni mwisho wake.

Kuna hila moja ya zamani inayofaa sana gizani: kulenga pembeni. Tuseme unataka daraja dogo juu ya mto, na unatoka msituni kuelekea mto huo. Ukililenga daraja lenyewe, ukafika mtoni na hulioni, hujui liko kushoto au kulia. Basi lenga makusudi mita 40 au 50 kushoto kwake. Ukifika majini, unageuka kulia bila shaka yoyote.

Na umbali? Wakimbiaji huhesabu hatua za mguu mmoja. Hesabu ya mchana haifai usiku, kwa sababu mtu asiyeona vizuri hufupisha hatua. Aliyezoea hatua 40 kwa mita 100 anaweza kujikuta akitumia 50 au zaidi kwenye mawe. Hesabu ya usiku hupatikana kwa kujipima usiku, kwenye ardhi ya aina ileile.

Mahali ambapo njia huumiza

Mpaka hapa nimezungumzia usalama wa kutopotea. Usalama wa mwili unafungamana nao, kwa sababu aliyepotea ndiye anayekimbia ovyo.

Cha kwanza ni magenge, yaani miamba iliyokatika wima. Kwenye ramani, genge lisilopitika ni mstari mnene mweusi, mara nyingi wenye vijino vinavyoelekea upande wa chini. Mchana ukifika ukingoni unaona vilele vya miti iliyo chini. Usiku, ukitokea juu, taa inamulika nyasi, kisha haimuliki kitu. Weusi wa genge na weusi wa msitu ni mmoja. Ndiyo maana nashikilia kwamba genge usiku lifikiwe kutoka chini, au lizungukwe kwa nafasi kubwa, hata kama mzunguko unaongeza dakika. Njia inayoshuka kuelekea genge, ikitegemea dira pekee, iondolewe kwenye orodha hata kama ndiyo fupi kuliko zote. Na kama mbele yako mwanga umeacha kurudi, simama kabisa, usipunguze mwendo tu.

Maji ni ya pili. Viwango vya ramani hutofautisha maji yanayopitika na yasiyopitika, na pia vinamasi vya aina hizo mbili. Mstari mweusi kuzunguka buluu ni onyo. Mwezi Aprili nchini Sweden theluji inaweza kuwa imeyeyuka hivi karibuni na kijito kikawa kimejaa. Mkimbiaji aliyelowa hadi kifuani, akapotea, akasimama kusoma ramani kwenye baridi ya karibu na nyuzi sifuri, hupoteza joto haraka, na vidole vyake hupoteza uwezo wa kushika dira. Hivyo kuvuka maji katikati ya mbio ni uamuzi tofauti na kuvuka maji mita 200 kabla ya mwisho.

Maeneo yaliyokatwa miti kibiashara yanastahili hofu kuliko yanavyopewa. Kwenye ramani yanaonekana wazi na yanavutia, lakini chini kumejaa visiki, matawi makavu na mitaro ya matairi, na vyote vimelala kwenye ile ardhi ambayo taa inaionyesha bapa. Vifundo vya miguu huvunjikia huko. Matawi ya usawa wa uso ni hatari ya macho, na miwani yenye vioo visivyo na rangi ni kinga rahisi. Barabara za magari nazo zivukwe pale ramani ilipoweka mahali pa kuvukia; mistari ya zambarau ya maeneo yaliyokatazwa iko pale kwa sababu, na kuivuka ni kuondolewa mashindanoni.

Taa za wengine

Katika mbio za kupokezana, dakika za mwanzo msitu hujaa misururu ya taa, na kishawishi cha kufuata ni kikubwa. Waandaaji wanalijua hilo. Huwagawa wakimbiaji kwenye vituo tofauti vilivyo karibu karibu, ili timu zote zikimbie vituo vilevile mwishowe, lakini si kwa mpangilio uleule. Aliye mbele yako anaweza kuwa anakwenda sahihi kabisa, mahali pasipo pako. Kila kituo kina namba yake, kuanzia 31 kwenda juu, na namba hiyo imeandikwa kwenye maelezo ya vituo. Isome kila mara. Kibandiko kinachoakisi mwanga kitakuita kutoka mbali, lakini hakikuambii ni cha nani.

Kufuata taa kuna madhara mengine. Unaacha kusoma ramani, na siku taa hiyo inapokuzidi mbio, unabaki katikati ya msitu bila kujua umetokea wapi. Kukimbia pamoja si kosa. Kosa ni kukimbia bila kuweka kidole gumba kwenye ramani pale ulipo.

Ukipotea, taa ikizima

Kabla ya kuondoka mwanzo, tazama ramani nzima na ujichagulie uelekeo wa dharura: “barabara kubwa iko kusini kote”, au “ziwa liko mashariki”. Ukipotea kabisa, hutafuti tena kituo. Unakwenda upande huo mpaka ukigonge hicho kitu kirefu, kwa kutembea, ukikumbuka magenge yaliyo katikati. Kabla ya kufika huko, jaribu lililo jepesi: rudi mahali ulipokuwa na uhakika napo kabla ya kupotea. Inauma kurudi nyuma kwenye mashindano, na karibu kila mara ni haraka kuliko kuzunguka.

Beba taa ndogo ya akiba, hata ya mwanga hafifu, na betri iliyochajiwa. Baridi hufupisha maisha ya betri, kwa hiyo saa zilizoandikwa kwenye boksi zisiaminiwe. Beba kipenga. Ishara ya kimataifa ya dharura milimani ni milio sita ndani ya dakika moja, kisha dakika ya kimya, na kurudia. Anayejibu hutoa mitatu. Kanuni za shirikisho zinamtaka kila mshindani kumsaidia aliyeumia, kwa hiyo ukisikia kipenga mbio zako zimesimama.

Na anayejitoa lazima apite mahali pa kumalizia na kusomesha chipu ya elektroniki anayokimbia nayo, hata kama amefika kwa gari la rafiki. Waandaaji hujua nani bado yuko msituni kwa kulinganisha chipu zilizotoka na zilizorudi. Mtu aliyekwenda moja kwa moja hotelini akalala, kwenye kompyuta yao bado yuko gizani, na watu wa kujitolea watavaa taa zao saa tisa usiku kwenda kumtafuta kwenye magenge yaleyale.